Mke Wangu Ameacha Vidonge, Uso Umetakata

Mshauri wetu, naomba unipokee, maana hili sina wa kumweleza. Mimi ni fundi umeme, mke wangu ni mwalimu wa darasa la pili, ana saratani ya mapafu, na daktari alituambia kwamba seli za ugonjwa zina protini inayozipa amri ya kukua na kuhama, kwa hiyo akampa vidonge vya kuzima hizo amri ili ugonjwa usitambae kwenye ini na mifupa, na kweli picha ya mwisho ilionyesha uvimbe umenywea, lakini vidonge vikamjaza vipele usoni mpaka wanafunzi wakawa wanamuuliza, "Mwalimu, umeng'atwa na nini?" naye akawa anafundisha kaelekea ubaoni, basi siku moja akaniuliza, "Baba watoto, hiyo amri ikishakatwa si imekatika?" nikamjibu kifundi kwamba waya ukikatwa umekatika, akafurahi, akaacha vidonge, na sasa uso umetakata, anakula, anacheka, jana alikuwa anakimbizana na watoto sebuleni, ila ameniapisha nisimwambie daktari, eti "Ukinisemea, sikuambii tena jambo langu," na kliniki ni wiki ijayo, nami nampenda, sitaki kumkatisha furaha, lakini juzi ameanza kukohoa tena. Je, nimtunzie siri?

Fundi, niko njia panda

Fundi, pole. Umeandika mengi, ila la maana umeliweka mwisho: anakohoa.

Nimemuuliza daktari wa saratani kabla ya kukujibu, nisije nikabuni kama wewe. Kidonge hakikati kitu. Kinaikalia ile protini isipitishe amri, na kikiisha mwilini, amri zinaendelea kama zamani: kua, gawanyika, hama. Tena seli hutengeneza protini hiyo upya kila siku. Wewe umezoea waya unaotulia baada ya koleo, mwili hautulii. Hata vipele vina sababu: ngozi nayo ina protini hiyo hiyo, kwa hiyo dawa inaigusa. Daktari anavijua, ana mafuta ya kupaka na anaweza kupunguza dozi. Mnamficha mtu ambaye angewasaidia!

Usipite mlango wa nyuma kwenda kwa daktari, wala usimlazimishe mkeo kumeza vidonge. Namna ya kuvianza tena ataisema daktari. Leo ukitoka kazini, kaa naye. Kesho asubuhi mpe simu, apige kliniki mwenyewe, msingoje wiki ijayo. Akikataa, piga wewe, mbele yake. Atanuna. Mwache anune, maadamu yupo wa kununa.

Na mkikaa, usianze na lawama wala na machozi. Anza kwa kumwambia kwamba ulikosea. Aliacha dawa kwa neno lako, si la daktari, na wa kulifuta ni wewe.