Kizizi cha mwana-kondoo

Mama Mwaro, uko hapo? Ubah amenidanganya. Mjukuu wangu mwenyewe!

Yule kondoo wangu aliyempeleka chuoni, akaniambia atapandwa na dume wa huko, amemrudisha leo hapa Garsen. Shingoni amenyolewa. Tumboni hamna kitu.

Namuuliza, "Dume yuko wapi?" Ananijibu, "Bibi, hakukuwa na dume." Bila haya! Hakukuwa na dume!

Kumbe walikuwa wanamdunga sindano na kumtoa damu. Eti kuna kitu kidogo kisichoonekana kwa macho, wanataka kivunjike haraka. Kabla hakijavunjika hujipinda kidogo tu. Basi wakatengeneza cha bandia, chenye umbo la kile kilichojipinda, ila hiki hakivunjiki, ndicho walichomdunga. Mwili wa kondoo ukadhani ni adui, ukaunda kingamwili zenye kishimo cha umbo hilo hilo. Sasa kile cha kweli kikiingia mle, kinabanwa kikajipinda, kinavunjika upesi.

Nikamwambia, "Mmemfanya kama ng'ombe wangu aliyefiwa, nilipomwekea ngozi ya ndama iliyojazwa nyasi ili atoe maziwa." Akacheka. "Hivyo hivyo, bibi!"

Alicheka, Mama Mwaro! Na mimi macho yangu yako kwenye kizizi nilichosuka kwa fito, cha yule mwana-kondoo niliyekuahidi. Nimekipima kwa kimo chake, na mlango wa kumtosha yeye tu.

Sasa anasema ataniletea dume wa kweli. Nimemwambia nitaamini nikimshika masikio.