Denja Kaanza, Mama Benchi

Chanda na Mutale,

Ugali wa nshima umo kwenye sufuria. Dagaa wa kapenta nimewafunika ili mbwa asiwafikie. ~~Mchezo wenu wa mpira wa kwenye televisheni nimeuficha na hamtauona tena.~~ Mchezo uko juu ya kabati, mkishaosha vyombo.

Asubuhi nimewasha televisheni nikakuta timu mliyounda. Baba yenu kipa, shangazi Bwalya beki, hata Denja, mbwa, mshambuliaji namba tisa! Mimi benchi. Nani hukimbia kila siku hadi getini na viatu mlivyosahau? Denja? Baba yenu alicheka mpaka chai ikamwagika: "Mama Chanda, makocha wameshaamua!"

Basi nikamtoa Denja, nikaingia mwenyewe. Kimchezo chenyewe cha bei poa, cha watoto wa miaka mitano, wachezaji wote sura moja, mtangazaji ana maneno matatu tu. Nikapiga shuti, mpira ukaingia golini kwetu. Mtangazaji akapaza sauti: "Safi sana, bingwa!"

Msimrudishe Denja. Tangu niwazae, hakuna mwingine humu ndani aliyewahi kuniambia hivyo.

Mama yenu,
namba tisa