Mashini mbili na vidole vya Papa

Jumapili, mwezi wa kumi. Joto limeshika tangu asubuhi, na mawingu yamekaa upande wa Kipushi bila kusogea. Umeme umerudi saa tisa. Naandika nikiwa barazani kwetu hapa Naviundu, na Papa, baba yangu, yuko chumbani kwake, mlango umefungwa. Chakula cha mchana hakukigusa.

Nataka kueleza habari ya makala yangu moja. Nilidhani nitaifuta leo. Sijaifuta.

Mnaonisoma ni wachache na mnajua ninachoandika hapa: maketi, yaani ndege, malori na treni ndogo za plastiki ambazo unazipata vipande vipande ndani ya boksi, kisha unakata, unabandika, unapaka rangi. Mchana nauza dawa katika famasi mjini, jioni nabandika. Mwezi wa saba niliandika kirefu nikilinganisha injini ileile ya treni ya mvuke katika matoleo mawili. La kwanza ni la zamani, ambalo kiwanda chake kilikufa siku nyingi. La pili limetolewa upya na kampuni nyingine iliyonunua kalibu zilezile za kumiminia plastiki.

Nililisifu hilo jipya kwa boksi lake zuri, maelekezo ya rangi, na alama za kubandika ambazo hazipasuki ukizilowesha. Nikakiri kwamba kalibu zimechoka. Pembeni mwa vipande kuna plastiki iliyovuja, na inabidi uikwangue kwa wembe hadi kidole kianze kuuma. Nikasema pia kwamba ribiti zimefifia, vile vichwa vidogo vya misumari vinavyoshika mabamba ya boila, lile pipa la mvuke. Kwenye toleo la zamani zinasimama kama punje za ulezi. Kwenye jipya ni kama mtu amezipitishia sabuni.

Kisha nikamalizia: "Rangi itaficha. Ukiiweka juu ya kabati, hakuna atakayejua tofauti. Inunueni bila wasiwasi."

Nilijua sentensi hiyo si kweli wakati naiandika. Sikuwaandikia ninyi. Nilikuwa najituliza.

Toleo la zamani lilikuwa la Papa.

Papa alikuja kutoka Kongolo akiwa kijana, akaingia karakana ya reli, akapiga ribiti za boila hadi mashini za mvuke, yaani injini za treni, zilipoondolewa njiani. Msimamizi mmoja, alipokuwa anarudi kwao Ulaya, alimwachia boksi lile. Papa alibandika vipande vyake kwenye meza ya kulia, kwa mikono yake mikubwa, akivishika kwa kibano. Mistari myekundu ya magurudumu aliipaka Mama, kwa sababu mkono wa Papa ulitetemeka na wa Mama haukutetemeka. Mimi nilikuwa na miaka sita, nimeketi chini ya meza, nikiokota vilivyoanguka. Huko chini ya meza ndiko nilikoanza kuzipenda maketi.

Mama alifariki. Ile mashini ndogo ikabaki juu ya kabati la sebuleni.

Macho ya Papa yalipoacha kuona kwa sababu ya presha ya macho, mashini ikawa kazi yake ya asubuhi. Baada ya chai alikuwa anaishusha mwenyewe, anaiweka magotini, na kupitisha vidole kuanzia bomba la moshi hadi chumba cha dereva. Akifika kwenye mstari fulani wa ribiti anasimama na kusema, "Hapa njo niliunguaka mukono." Halafu anasimulia jinsi rafiki yake alivyomtupia ribiti yenye moto, yeye akaidaka vibaya, ikamuunguza. Niliisikia hadithi hiyo mara nyingi kiasi kwamba nilikuwa naendelea kupiga pasi bila kusikiliza.

Mwezi wa tano, Papa akiwa amepelekwa kunyolewa, nilikuwa napangusa vumbi. Mashini ikanitoka mkononi. Plastiki ile ya zamani inashika umbo vizuri sana, lakini ikizeeka inavunjika kama biskuti. Boila ilipasuka mara tatu. Nikarudi nyuma kwa mshtuko na kukanyaga magurudumu kwa kiatu changu mwenyewe.

Nilimwambia Papa kwamba gurudumu moja limelegea, nimeichukua kuitengeneza. Akasema sawa, nisiharakishe.

Binamu yangu aliyeko Ubelgiji akanitumia toleo jipya. Nilijenga jioni kumi mfululizo. Nilipaka rangi nikiangalia picha ya zamani, nikachora mistari ya Mama kama nilivyoikumbuka. Na kwa kuwa mpya ilikuwa nyepesi, nilijaza misumari ndani ya boila ili uzito ulingane. Hilo sikuliandika kwenye makala.

Papa aliipapasa yote. Akasema, "Iko safi." Akairudisha kabatini.

Nilifurahi. Nakiri kwamba nilifurahi, nikaenda kuandika makala.

Siku zilizofuata aliishusha kwa muda mfupi tu. Akifika mahali pa hadithi vidole vyake vilikuwa vinaenda na kurudi, vinatafuta, halafu anaiweka chini bila kusimulia. Baadaye akaacha kuishusha kabisa. Siku moja akaniita nimfunge vifungo vya shati. Kesho yake tena. Akaacha kujimwagia chai. Akaacha kubonyeza simu, akawa ananiambia nimpigie mimi. Rozari alikuwa anaishika mkononi na kusali bila kuhesabu, akisema hana uhakika tena yuko kwenye shanga gani.

Nilidhani ni uzee, au tuseme nilitaka uwe uzee.

Mwezi wa nane nilimsikia akiongea kwa simu na Modeste, mdogo wangu aliyeko Likasi. Papa alikuwa ameketi pale ninapoketi sasa.

"Bidole yangu nayo iko nakufa," alisema. "Ribiti sizisikie tena. Na macho ilianzaka vile vile, polepole."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na sahani mkononi. Papa hakushuku mashini hata kidogo. Alikuwa ameiamini, kwa sababu iliwekwa na mimi, akaona kasoro ni vidole vyake.

Ningesema siku ileile. Sikusema. Nilijiambia nikisema sasa nitamuumiza mara mbili, na kila wiki iliyopita ilifanya jambo liwe gumu zaidi. Modeste akatafuta daktari wa mishipa ya fahamu, wakapanga kumpeleka kesho, Jumatatu. Nikaanza hata kutumaini kwamba daktari atampata na ugonjwa fulani wa vidole. Naandika sentensi hii na naiona ilivyo mbaya, lakini ndivyo nilivyotumaini.

Juzi Ijumaa nilimwachia Papa maharagi ya kuchambua. Hakujua namwangalia. Alikuwa anayamwaga kiganjani kidogo kidogo, na ghafla akatoa kijiwe kidogo kuliko kichwa cha kiberiti, akakitupa uani, akaendelea. Vidole vyake havikuwa na ugonjwa wowote.

Basi leo, tuliporudi kutoka misa, kabla sijasonga bukari, yaani ugali, nilikwenda chumbani kwangu na kutoa kopo la maziwa ya unga lililokuwa chini ya kitanda. Ndimo nilimoweka vipande vya mashini ya zamani. Nikaketi karibu naye.

"Papa, leta mukono."

Nikamwekea kiganjani kipande cha boila. Akakisugua kwa kidole gumba. Akafika ukingoni palipovunjika, akarudi, akaanza upya.

"Hii njo yenyewe," akasema.

"Ndiyo, Papa."

"Na ile ya juu ya kabati?"

"Ni ingine. Ya kwako niliiangusha mwezi wa tano. Ile nilitumiwa, nikaipaka rangi."

Alibonyeza kipande kwenye kidole gumba kwa nguvu, halafu kwenye kidole cha shahada, halafu kwenye kila kidole hadi cha mwisho, na uso wake ukalegea jinsi ambavyo sijauona ukilegea tangu mwezi wa saba.

"Basi bidole yangu iko muzima."

"Iko muzima, Papa."

Alicheka kidogo. Kicheko kile kilinipa matumaini, nikafikiri imekwisha. Akatia mkono ndani ya kopo, akapapasa vipande vingine, akauliza yako wapi magurudumu ya Mama. Nilimwambia niliyakanyaga, limebaki moja na nusu ya lingine, na rangi nyekundu bado ipo. Akalitafuta hilo moja hadi akalipata, akalishika.

Hapo ndipo akaacha kucheka.

"Ile masiku yote nilikuwa nakuita unifunge bifungo," akasema. "Ulikuwa unaona."

"Nilikuwa naona."

"Na ulikuwa unafunga tu."

Nilikuwa nafunga, tena kwa upole, na nilikuwa najiona mtoto mwema.

Nilifikiri ataniuliza kwa nini. Niliandaa maneno ya hilo swali: kwamba nilimhurumia, kwamba nilitaka abaki na kitu cha Mama. Hakuuliza. Aligeuza uso upande wangu, pale anapodhani macho yangu yapo, akasema:

"Na docteur ya macho alisemaka nini? Ile ya kweli."

Lazima niwaelezee. Mwezi wa kwanza nilimpeleka Papa hospitali. Daktari alimpima, akazungumza naye maneno mawili ya kumpa moyo, kisha akaniita mimi peke yangu kwenye korido na kunipa karatasi. Alisema macho hayatarudi na hakuna operesheni ya kuyarudisha. Nilirudi kwa Papa nikamwambia kuna mashini mpya ya kupasulia inasubiriwa, labda mwaka ujao. Tangu siku hiyo ananiuliza mara kwa mara kama hospitali wamepiga simu. Nimekuwa nikimjibu bado, Papa, bado kidogo.

Ningeweza kumjibu hivyo leo pia. Jibu lilishafika mdomoni.

"Haitarudi, Papa," nikasema. "Alisema hakuna operesheni."

"Alisemaka vile mwezi gani?"

"Wa kwanza."

"Modeste anajua?"

"Anajua."

"Bote munajua," akasema, kama mtu anayehesabu waliopo. Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha. Akainuka, akachukua kopo, akapapasa ukuta hadi chumbani. Mlangoni akasimama na kunipa mgongo.

"Kesho asubuhi, mbele ya chai, leta ile karatasi ya docteur. Utanisomea yote kwa Kifaransa, kiisha utasema kwa Kiswahili. Usiruke kitu."

Kisha akafunga mlango.

Nimempigia Modeste asije kesho na gari. Amekasirika, na zaidi amekasirika kwamba nimesema habari ya macho bila kumshauri. "Ungemuacha na ile matumaini yake," amesema. Sikubishana. Hadi jana nilikuwa nasema hivyohivyo.

Kuhusu makala: nimeongeza maneno juu kabisa, ili yeyote atakayeifungua ayakute kwanza. Nimeandika kwamba toleo jipya linamfaa anayejifunza, au asiyewahi kushika la zamani, na kwamba nimeridhika na alama zake. Lakini kalibu hazijatunzwa, ribiti zimekufa, na rangi haifichi. Ukiweza kupata la zamani, hata kama boksi limechanika na maelekezo yameliwa na panya, chukua la zamani, ulishike kwa uangalifu kwa sababu ni gumu na linapasuka. Na kama unalinunua jipya ili lichukue nafasi ya kitu cha mtu, mwambie mtu huyo. Msomaji mmoja ameshaniuliza kwa nini nimebadili mawazo. Nimemjibu kwamba sikubadili.

Sijui kama Papa atanisamehe. Anavyotembea ndani namsikia, hatua nne hadi dirishani, hatua nne kurudi. Sijui pia kama ninachokihisi kifuani mwangu ni majuto au ni hofu tu ya kutoaminiwa tena nyumbani kwangu. Nyakati nyingine ni kimoja, nyakati nyingine ni kingine.

Karatasi ya daktari iko hapa mbele yangu, kurasa mbili. Nimejaribu kuisoma kwa sauti ya chini, Kifaransa kwanza, Kiswahili baadaye, kama alivyoagiza. Kifaransa kinapita. Kwenye Kiswahili, nikifika mstari wa tatu, penye neno la Kifaransa lenye maana ya kisichorudi kabisa, mara zote nne nimejikuta natafuta neno laini zaidi. Nimelipata kila mara. Ninayo mengi.

Kesho kabla ya chai, Papa akiwa ameketi ananisubiri, nitalisoma lile lililoandikwa?