Kazi ya Thacienne ku mukeka

Kabera, soma karatasi hii halafu uichome.

Nimetoka kwenye shule ya vitoto ya masista Wabelgiji. Nilienda kumutoa binti yangu Thacienne, aje kufukuza ndege mu shamba yetu ya mutama. Unajua wanafanya nini pale? Wanamimina maharagi toka kikombe hiki mpaka kile, kisha wanarudisha! Asubuhi nzima! Wanasafisha meza yenye iko safi! Hiyo njo masomo.

Nikaingia, nikamuita. Mutoto wa miaka ine akaangalia miguu yangu: «Papa, unakanyaga kazi yangu.»

Kazi! Maharagi kumi ku mukeka!

Sista akanionyesha tu kwa kidole nitoke ku mukeka.

Kaka, nikatoka. Nikasema, «Unisamehe, mama.» Mimi!

Nikangoja amalize, twende. Alipomaliza, akaanza tena.

Nimerudi peke yangu.