Rangi ya Injini Ndani ya Oveni Yake

Farsta, Jumamosi

Basi leo nimekitia kwenye oveni ya Mama Neema. Kile kifuniko cha injini ya gari langu la Pijo nimekipiga msasa siku nne, nikakipaka rangi mara tatu, na rangi yenyewe haishiki bila moto: nyuzi tisini, saa nzima.

Mwenyewe alikuwa hataki kabisa. “Jiko langu si gereji!”

Aliaga anakwenda Hässelby, upande wa pili wa jiji, kumsaidia binti yetu Neema na mtoto wake mchanga, wiki mbili tu. Hii ni ya kumi na moja.

Nikampigia, nikamwambia. Nilishajiandaa kugombezwa, hata majibu nilikuwa nayo.

“Sawa tu, Baba Neema. Fungua dirisha.”

Sawa tu! Oveni yake mwenyewe!

Sitaisafisha. Akija kuchukua makoti yake ya baridi, aikute inanuka, anigombeze kama mwenye jiko lake.