Jina la Pili la Zawadi

Soweto, Mbeya. Jumamosi jioni, mwezi wa saba.

Baridi ya leo haina adabu. Jua limetoka saa sita, likachungulia kidogo, likarudi lilikotoka. Nimevaa sweta mbili na bado vidole vina ganzi.

Nina jambo la kukiri.

Juzi Zawadi, binti anayenilelea mwanangu Neema, aliamka akitetemeka kwa homa. Nikampeleka zahanati. Muuguzi akaniuliza jina lake la pili. Sikulijua. Akauliza ndugu yake wa karibu ni nani. Nikamgeukia Zawadi, akajibu mwenyewe, macho kayafumba, midomo imemkauka.

Miezi mitano anamlisha mwanangu, anamwogesha, anambeba mgongoni. Nilimpata kwa simu, kupitia kwa jirani. Nilichojua ni kwamba ametoka Rujewa, basi.

Pale kwenye benchi nikamkumbuka Dada Leti, aliyenilea mimi.

Nilikuwa na miaka sita hivi. Mama alinivalisha viatu vya kanisani, tukapanda basi hadi Mafinga, kwa kina Leti. Baba yake alifanya kazi kwenye mashine ya mbao, na nyumba nzima ilinukia paini. Tulikaa jikoni tukala ugali kwa maharage, na yule mzee akamhoji mama kana kwamba mama ndiye anayeomba kazi. Binti atalala wapi? Jumapili atasali wapi? Akiugua? Mama alijibu moja baada ya jingine, mikono ameiweka mapajani. Sikuwahi kumwona mnyenyekevu namna ile.

Dada Leti alikaa nasi miaka saba. Alinisuka kibarazani huku akiimba Kihehe ambacho nusu yake sikukielewa. Tulilala chumba kimoja. Mchana alikwenda kujifunza kushona, mama akibaki na sisi watoto. Siku alipoolewa, mama alikaa meza moja na mama mzazi wa Leti, wote wawili wakilia. Mimi niligoma kula keki, maana niliona yule bwana ametuibia.

Malezi hayo niliyaona kwa macho yangu. Sikujifunza kitu.

Jana nikamwomba Zawadi namba ya mama yake, nikampigia simu. Nilipojitambulisha tu, akauliza:

"Amekufa?"

"Hapana, mama. Ana taifodi. Ameanza dawa, anaendelea vizuri."

Nikamsikia akishusha pumzi. "Nimeogopa, mwanangu. Hujawahi kunipigia."

Leo mchana amefika, na mfuko wa mchele mkononi. Akanishukuru kwa kumtunza binti yake. Heri angenigombeza.

Alikwenda kuketi kitandani kwa Zawadi, akamshika paji la uso, wakazungumza Kisangu polepole. Nikamsikia Zawadi akicheka. Sikumbuki kama nimewahi kumsikia akicheka hivyo humu ndani.

Baadaye yule mama akanifuata jikoni.

"Mama Neema, naomba nikakae naye nyumbani mpaka apate nguvu."

Jumatatu natakiwa kazini asubuhi. Neema hana mtu. Maneno hayo yalinifika kwenye ulimi, nikayameza.

"Ni mwanao, mama. Mchukue. Dawa zake nitakufungashia."

Nikawasindikiza stendi. Neema alilia akimnyooshea Zawadi mikono, na Zawadi, hoi kama alivyo, akataka kushuka kwenye basi ambembeleze. Mama yake akamzuia taratibu, akamfunga khanga mabegani, akamwegemeza kifuani kwake.

Nimemwandikia mkuu wangu kuomba likizo. Zawadi sikumwuliza kama atarudi, ingawa nilitamani sana.

Nyumba imepoa. Neema amenisinzilia mapajani, na najiuliza jambo moja tu: ningekuwa mimi ndiye yule mama, ningemrudisha binti yangu hapa?