Si Mtindi, Mama

Mama, shikamoo. Kaa vizuri huko uliko, maana leo nina la kukwambia, tena la furaha. Nimerudi sasa hivi kutoka Mbinga mjini, hata viatu sijavua. Si mtindi, Mama! Yale maziwa yako hayakumfanya mjukuu wako kitu chochote!

Unakumbuka ulivyopanda kutoka Lundo, kule ziwani, na kapu lako la dagaa wa usipa, kuja kunitunza mimba ikiwa imekomaa. Hapa Mpepai ukamkuta jirani ana ng'ombe wa maziwa. Basi! Kila asubuhi ukaniletea kikombe cha mtindi uliougandisha mwenyewe. "Kunywa, mwanangu, uchungu hautaki mtu mnyonge." Nami nikanywa mpaka nikachoka.

Tekla akazaliwa, miezi ikapita, shingo haikazi, miguu imekakamaa. Mhudumu wa afya akaja nyumbani, akasema mtoto ana mtindio wa ubongo. Mama mkwe alikuwa uani anachambua kahawa. Kiswahili chetu si unakijua, ni cha sokoni na kanisani. Yeye nyumbani ni Kimatengo, wewe Kinyasa. Alichosikia yeye ni mtindi. Mtindi wa ubongo! Akabwaga ungo chini: "Si nilisema! Huyu mama wa ziwani kamgandisha mtoto ubongo kama maziwa!"

Jamani, kwisha habari yetu. Neno likatembea kuliko wenye miguu. Wengine wakalinyoosha zaidi, eti mimi nilikuwa napiga mtindi, yaani pombe. Mimi, ambaye hata komoni siijui ladha yake! Waliosema lisemwalo lipo hawakuwahi kufika Mpepai.

Mimi nilikasirika nikacheka. Wewe hukucheka. Wewe uliamini, Mama. Ukawa unamtazama Tekla kwa mbali, na nikikupa umpakate unarudi nyuma: "Mwache, nisije nikamwongezea." Ukashuka zako Lundo, na mpaka ulipofariki hukumgusa tena. Hilo ndilo lililonichoma kuliko hata msiba wenyewe.

Sasa sikiliza. Baada ya kukuzika, jumuiya ya kanisa ilikuja kusali kwetu, na alikuwepo dada mmoja, Edeltruda, msaidizi wa kisheria wa kata, wale wanaowasaidia watu bure kufuata haki zao. Akampakata Tekla. Hakuuliza nilikula nini wala nilikunywa nini. Aliuliza, "Alipozaliwa, alilia?"

Mama, hapo hapo nilikusikia tena wewe siku ile pale kituo cha afya, unagonga mlango: "Mbona mtoto halii?" Uchungu tangu asubuhi, jua linazama, naambiwa ngoja, bado. Hakuna aliyekuja kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto. Ulivyoita ukaambiwa unasumbua. Tekla akatoka kimya, amebadilika rangi, wewe peke yako ndiye uliyepiga kelele.

Edeltruda akatushika mkono mpaka kwa daktari wa watoto, na kwa wakili. Daktari alisoma taarifa zake zote, akampima, ndipo akatuelewesha. Mtindio na mtindi havina undugu hata kidogo! Mtindio ni ubongo kuumia, au kutokukua sawasawa. Wako wanaoupata wakiwa bado tumboni, wako waliozaliwa njiti, wako walioshikwa na manjano kali au homa ya uti wa mgongo wakiwa wachanga, na wako ambao sababu haijulikani mpaka leo. Huyu wetu alikosa hewa, uchungu ulikaa muda mrefu bila kushughulikiwa. Nilimuuliza, na maziwa je? Akatabasamu, akasema maziwa yalinipa nguvu ya kusukuma. Nilicheka na kulia kwa pamoja hadi mwanamke mwingine kwenye foleni akaniletea maji.

Wakili ni binti mdogo, lakini sauti yake! Hakunidanganya. Alisema si kila mtoto mwenye mtindio amekosewa na mtu, na tunaweza tukashindwa vilevile. Hata hivyo akaliandika dai letu, akalifuatilia bila kuchoka.

Na leo, Mama, leo! Tumekaa kikao cha usuluhishi, watu wa kituo upande ule, sisi upande huu. Mganga mfawidhi akasimama. Akasema walichelewa kunihamishia hospitali, na kwamba mama yangu mzazi aliomba msaada na hakusikilizwa. Alikutaja wewe, Mama! Mbele za watu! Watagharimia mazoezi ya viungo ya Tekla, na kiti cha magurudumu atapata. Hayo hayatanyoosha miguu yake, najua, daktari ameniambia wazi. Lakini shingo imeanza kukaza, na juzi aligeuka mwenyewe akanitafuta.

Mama mkwe nilimchukua makusudi aende akasikie kwa masikio yake. Amesikia! Tulipofika tu nyumbani akaniuliza, "Kaburi la mama yako liko upande gani pale Lundo?" Nikamwelekeza. Nikadhani atatuma salamu. Akasema, "Nitashuka mwenyewe. Neno nililitoa kwa mdomo wangu, nitalirudisha kwa mdomo wangu."

Kwa hiyo Jumamosi utuangalie njiani. Usimnunie, nakujua ulivyo. Mwache aseme, amesumbuka na yeye.

Nami nakuahidi hivi: mazoezi ya Tekla sitayakosa, mvua inyeshe au kahawa iive. Akikua nitamwambia bibi yake alikuwa mtu wa kwanza duniani kumpigania, kabla hata hajapewa jina.

Pumzika sasa, mama yangu. Mwanao Skola nakuaga kwa leo. Jumamosi nitamlaza Tekla pale ubavuni pako. Mpakate bila woga, Mama. Hukumdhuru.